Aliyepona Haraka Ndiye wa Kuharakishwa: Mishipa ya Shingo Baada ya Kiharusi

Jumapili moja asubuhi mjomba wangu, fundi cherehani wa miaka 64 mjini Tanga, alikuwa akikata kitambaa cha suruali pale mkasi ulipomponyoka. Aliinama kuuokota, na vidole vya mkono wa kulia vikakataa kuushika. Alipomwita mkewe, maneno yalitoka yamevurugika kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni. Kabla jirani mwenye gari hajapatikana, mkono ulikuwa umerudi na ulimi umerudi, naye akaomba chai, akaendelea na suruali iliyokuwa ikisubiriwa kwa ajili ya harusi. Yote yalichukua kama dakika 20.

Kesho yake alikwenda hospitali. Presha ilikuwa 178 kwa 102, picha ya CT ya kichwa haikuonyesha kitu, akaandikiwa dawa ya presha na aspirini, na mwishoni akakabidhiwa karatasi ya kupimwa mishipa ya shingo kwa altrasaundi, miadi ikiwa wiki tisa mbele. Nilipompigia simu kumwamkia, alicheka kwanza kisha ndipo akaitikia marahaba, akaniambia ni kiupepo tu kilimpitia. Katika wiki ya sita kiupepo kile kilirudi, na safari hii hakikuondoka.

Nimeyakumbuka haya mara nyingi kila ninapoona jinsi tunavyowapanga wagonjwa wa kiharusi akilini mwetu. Aliyelala kitandani, mdomo umekwenda upande, mguu hauinuki, huyo tunamkimbilia, na ni haki yake. Aliyepooza kwa robo saa kisha akainuka na kuomba chai tunamwona amenusurika, tunamrudisha nyumbani, tunampa tarehe. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba kwa ugonjwa wa mishipa ya shingo iliyosinyaa, mpangilio huu umekaa kichwa chini: yule aliyepona haraka ndiye mwenye mengi ya kupoteza, ndiye mwenye mengi ya kuokolewa, na muda wake wa kuokolewa huhesabiwa kwa siku.

Ukiweka vidole pembeni mwa koo, chini kidogo ya pembe ya taya, utahisi mapigo ya ateri ya karotidi. Karibu na hapo mshipa huo hugawanyika mapanda: tawi la nje hulisha uso na ngozi ya kichwa, tawi la ndani hupanda hadi kwenye jicho na sehemu kubwa ya mbele ya ubongo. Kila mto unajua kwamba penye mapanda maji huzunguka na kuacha tope. Ndivyo ilivyo shingoni. Damu inapogawanyika, pembezoni mwa mapanda mwendo wake hupungua na kupinda, na kwa miaka mingi lehemu, chembe za uvimbe na chokaa hujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa hadi njia ikawa nyembamba. Tumbaku, presha, kisukari na umri huharakisha kazi hiyo.

Watu wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, hudhani kwamba hatari yote iko katika unyembamba wenyewe, yaani ubongo unakosa damu kama shamba lililo mwisho wa bomba lililobanwa. Mara chache huwa hivyo. Chini ya ubongo kuna duara la mishipa linalounganisha upande wa kushoto, wa kulia na wa nyuma, na watu wengine huishi miaka wakiwa na ateri moja ya shingo iliyoziba kabisa bila kujua. Hatari kubwa zaidi iko katika ngozi nyembamba inayofunika utando ule wa mafuta. Ikipasuka, damu inayopita hukutana na kidonda, chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, hukimbilia kukiziba, bonge hujengeka, na vipande vyake humeguka na kupeperushwa juu. Kipande kikiingia kwenye mshipa wa jicho, mtu huona kama pazia limeshushwa mbele ya jicho moja, kisha linapandishwa. Kikiingia ubongoni upande wa kushoto, mkono wa kulia hulegea na maneno hupotea, kama ilivyokuwa kwa mjomba. Kikiwa kidogo huyeyuka, na mgonjwa hurudi katika hali yake.

Kurudi huko ndiko kunakotudanganya. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa mawingu yenyewe hutawanyika ndani ya robo saa na jua likawaka, huku kidonda cha shingoni kikiwa bado kibichi. Kitamwaga vipande vingine leo, kesho au wiki ijayo. Kadiri wiki zinavyopita, kwa wale walionusurika, kidonda hupoa na hatari hushuka. Kwa sababu hiyo mgonjwa aliyeanguka juzi na mgonjwa aliyeanguka miezi minne iliyopita si wagonjwa sawa, hata kama picha za shingo zao zinafanana kabisa.

Uhusiano kati ya shingo na kiharusi ulielezwa kwa uwazi mwaka 1951 na daktari wa Kanada, C. Miller Fisher, katika zama ambazo visa vingi vya kupooza viliandikwa tu kuwa ni ugonjwa wa mishipa ya ndani ya ubongo. Miaka mitatu baadaye, mwezi Mei 1954, katika hospitali ya St Mary's jijini London, Eastcott na wenzake walimfanyia upasuaji mwanamke wa miaka 66 aliyekuwa amepatwa na vishindo 33 vya kupooza kwa muda mfupi. Walikata sehemu iliyokuwa na ugonjwa, wakaunganisha ncha mbili za mshipa, na vishindo vikakoma. Hebu fikiria 33. Mwanamke yule alikuwa ameonywa mara 33, na bahati yake ilikuwa kwamba hakuna onyo hata moja lililogeuka kuwa hukumu kabla ya siku ya upasuaji.

Kisa kimoja hakithibitishi tiba, na kwa zaidi ya miaka 30 madaktari walisafisha mishipa ya shingo kwa imani zaidi kuliko ushahidi. Ushahidi ulikuja mwaka 1991, kutoka katika majaribio mawili makubwa, moja la Amerika Kaskazini likiongozwa na Henry Barnett na jingine la Ulaya. Katika lile la Amerika Kaskazini, wagonjwa 659 waliokuwa wamepata kiharusi kidogo au cha muda, na ambao mshipa wa upande unaohusika ulikuwa umesinyaa kwa asilimia 70 hadi 99, waligawanywa kwa kura. Baada ya miaka miwili, waliopewa dawa peke yake walipata kiharusi cha upande huo kwa kiwango cha asilimia 26. Waliofanyiwa upasuaji juu ya dawa, asilimia 9. Ni nadra kukuta katika tiba pengo la namna hiyo. Kwa waliosinyaa asilimia 50 hadi 69 faida ilikuwapo lakini ndogo: ndani ya miaka mitano, asilimia 22.2 dhidi ya 15.7. Chini ya asilimia 50 haikuwapo kabisa.

Takwimu iliyonishtua mimi ni nyingine. Mwaka 2004 Peter Rothwell wa Oxford na wenzake waliunganisha majaribio hayo na kuuliza swali dogo: upasuaji ulifanyika siku ngapi baada ya dalili ya mwisho? Waliopangiwa upasuaji ndani ya wiki mbili, ilitosha kuwapasua watu 5 ili kumwepusha mmoja na kiharusi katika miaka mitano iliyofuata. Waliopangiwa baada ya wiki 12, ilibidi kuwapasua watu 125 kupata faida ileile. Ugonjwa ni uleule, kisu kilekile, na kilichotofautiana ni kalenda. Tena kwa wanawake faida hiyo huyeyuka mapema zaidi kuliko kwa wanaume, na kwa wazee wa miaka 75 na kuendelea, ambao mara nyingi familia husema "mwacheni mzee apumzike", faida ilikuwa kubwa kuliko kwa walio chini ya miaka 65.

Anayesikia haya anaweza kukimbilia hitimisho kwamba kila mwenye mshipa uliosinyaa apelekwe chumba cha upasuaji. Hapana. Upasuaji wenyewe huweza kusababisha kiharusi kile kile unachokuja kukizuia: katika jaribio lile la 1991, mikononi mwa madaktari waliochaguliwa kwa ustadi wao, takribani wagonjwa 6 kati ya 100 walipata kiharusi au kufariki ndani ya siku 30. Ndiyo maana miongozo hutaka kiwango hicho kisizidi asilimia 6 kwa wagonjwa wa aina hii, na ndiyo maana mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari bingwa, kwa adabu lakini bila woga, ni wangapi amewafanyia na walitokaje. Aliyepata kiharusi kikubwa kilichoharibu sehemu pana ya ubongo hapelekwi haraka, kwa sababu kurudisha damu kwa nguvu katika eneo lililokufa huweza kuleta uvujaji, na pia kwa sababu hakuna mengi yaliyobaki ya kulindwa. Na mshipa ulioziba kabisa, asilimia 100, hauguswi: bonge limeshajaza njia hadi juu, na faida ya kuufungua haipo. Mgonjwa mwenye asilimia 95 ni wa dharura, na akivuka hadi 100 jina lake hutolewa kwenye orodha ya upasuaji.

Kuhusu stenti, kile kijibomba cha waya kinachopitishwa kutoka kwenye nyonga na kufunguliwa shingoni, nitasema machache. Jaribio la CREST la mwaka 2010, lililohusisha watu 2,502, lilionyesha kwamba kwa jumla njia mbili hizi zinakaribiana, stenti ikileta viharusi zaidi wakati wa kuwekwa na upasuaji ukileta mishtuko ya moyo zaidi, na kwamba wenye umri wa zaidi ya miaka 70 huelekea kunufaika zaidi na upasuaji. Kwa mazingira yetu swali la stenti au kisu ni la baadaye. La kwanza ni kama mgonjwa amefika mapema kiasi cha swali hilo kuwa na maana.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo hoja inapohitaji uangalifu. Utafiti wa kiharusi uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ulikuta kwamba baada ya kurekebisha tofauti za umri, wagonjwa wapya walikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam, ambacho ni miongoni mwa viwango vikubwa vilivyowahi kuandikwa duniani. Utafiti mwingine mkubwa wa Nigeria na Ghana, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta presha ikitawala visababishi vingine vyote, na karibu theluthi moja ya viharusi vikiwa vya kuvuja damu. Tafiti za Marekani na Afrika Kusini nazo zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watu weusi huelekea kupata ugonjwa wa mishipa midogo na ya ndani ya fuvu kuliko ugonjwa wa mishipa mikubwa ya shingo.

Mtu anaweza kutumia takwimu hizo kusema kwamba shingo si tatizo letu. Nimesikia hoja hiyo, na ninaiona ni nusu ya ukweli inayotembea kwa mguu mmoja. Kweli, shingo si chanzo cha viharusi vingi vya kwetu. Lakini kuegemea takwimu hakumsaidii mgonjwa aliye mbele yako, na miili inabadilika pamoja na maisha: kisukari kimeongezeka mijini, watu wanaishi muda mrefu zaidi, na mafuta ya kukaangia chipsi hayachagui rangi ya mtu. Mjomba hakuwahi kuvuta sigara tangu awe na miaka 40, lakini alivuta kabla ya hapo, na presha yake haikuwahi kupimwa hadi siku ile.

Takwimu zilezile zinapaswa kutuongoza kwenye jambo jingine, nalo ni kuacha kupima shingo za watu wasio na dalili. Siku hizi kuna vifurushi vya "uchunguzi wa mwili mzima" vinavyotangazwa kwenye simu, na altrasaundi ya shingo imo, imewekwa kati ya kipimo cha ini na cha tezi dume. Kamati ya kitaifa ya Marekani inayoshauri kuhusu vipimo vya kinga ilipendekeza mwaka 2014, na kurudia mwaka 2021, kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe shingo, kwa kuwa wengi watakaokutwa na kasoro wataingizwa kwenye hofu na upasuaji usiowafaa. Sasa fikiria mashine moja, mtaalamu mmoja, na foleni moja ambamo mtu mzima mwenye afya aliyelipia kifurushi yuko mbele ya fundi aliyeangusha mkasi juzi. Foleni hiyo siibuni.

Mashine si adimu kama tunavyojisemea. Altrasaundi ileile inayowapima wajawazito, ikiwekewa kishikio kinachofaa mishipa na mtu aliyefundishwa, hupima shingo. Nilikuwepo mjomba alipopimwa hatimaye, wiki tatu baada ya kiharusi cha pili. Dada aliyepima alianza na upande wa kulia. Alimpaka jeli, akageuza uso wake kidogo, na kwenye kioo mshipa ukaonekana kama mfereji mweusi wenye mapanda, huku spika ikitoa sauti ya damu, shuu, shuu, na chini yake milima midogo ikichoreka kwa kila pigo. Mahali palipokuwa na utando sauti ilipanda kidogo, kama upepo unaopita kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Damu inapobanwa huongeza mwendo, na kwa mwendo huo ndipo usinyaaji hukadiriwa. Kwa viwango vinavyotumika sana, kasi inayozidi sentimita 125 kwa sekunde huashiria kuwa usinyaaji umefika nusu, na inayozidi 230 huashiria asilimia 70 na zaidi. Kisha akahamia kushoto. Mfereji ulionekana, mapanda yalionekana, lakini ndani yake palikuwa pamejaa kijivu, na spika ikakaa kimya. Alisogeza kishikio juu, akashusha, akabadilisha pembe, akaongeza sauti. Kimya. Mjomba, ambaye sasa hasemi zaidi ya maneno matano au sita, alitutazama mmoja baada ya mwingine kama fundi anayesubiri mteja aseme kama suruali imemtosha.

Sina uhakika kwamba mshipa ule ulikuwa wazi wiki ya kwanza, na sitadai kwamba upasuaji ungemwokoa. Ninachokijua ni kwamba hakuna aliyetazama wakati kutazama kulikuwa na faida.

Na hata pale ambapo daktari wa upasuaji wa mishipa hayupo karibu, kutazama mapema kuna faida, kwa sababu tiba ya kwanza imo kwenye dawa. Huko Oxford, utafiti wa EXPRESS uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha kipindi ambacho wagonjwa wa viharusi vidogo walisubiri miadi na barua, na kipindi ambacho walianzishiwa matibabu siku hiyohiyo. Hatari ya kiharusi kingine ndani ya siku 90 ilishuka kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa mpya; dawa zilezile zilitolewa mapema. Leo tunajua zaidi: baada ya CT kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja, aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa takribani wiki tatu za mwanzo huzuia viharusi vya mapema kuliko aspirini peke yake, na dawa za kushusha lehemu za kundi la statini hutuliza utando wa mshipani hata kwa mtu ambaye lehemu yake si ya kutisha. Mjomba hakuandikiwa statini. Aspirini aliinywa siku kumi, ikaisha, akaona amepona.

Nguvu ya dawa imeongezeka kiasi kwamba maswali ya 1991 yanaulizwa upya. Wagonjwa wa majaribio yale hawakuwa na statini kama tulivyo nazo leo. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya awali ya jaribio la ECST-2, lenye washiriki 429 waliosinyaa asilimia 50 au zaidi, wenye dalili na wasio na dalili, ambao makadirio yaliwaonyesha kuwa na hatari ndogo au ya wastani. Katika miaka miwili, kuongeza upasuaji au stenti juu ya tiba kamili ya dawa hakukuonyesha faida. Matokeo haya hayamhusu mwenye asilimia 85 aliyepooza wiki iliyopita, lakini yanatukumbusha kwamba hospitali isiyo na chumba cha upasuaji wa mishipa haina kisingizio cha kukaa mikono mitupu. Na kwa mishipa iliyosinyaa ndani ya fuvu, ambayo kwetu ni muhimu zaidi, jaribio la SAMMPRIS la mwaka 2011 lilisimamishwa mapema baada ya stenti kudhuru: ndani ya siku 30 asilimia 14.7 ya waliowekewa walipata kiharusi au kufariki, dhidi ya 5.8 ya waliotumia dawa tu.

Upande wa kulia wa mjomba umesinyaa kwa kiwango kisichofika nusu, hivyo haupasuliwi. Anameza statini kila usiku, mkewe anaandika presha yake kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma.

Karatasi yake ya kwanza ya altrasaundi bado ninayo. Ina nafasi ya jina, umri, jinsia, namba ya jalada, namba ya bima na kipimo kinachoombwa. Chini yake daktari aliandika kwa haraka: presha, apimwe mishipa ya shingo. Hakuna mahali pa kuandika siku ambayo mkasi ulianguka. Karani wa miadi aliyeipokea alifanya kazi yake vizuri kabisa: alifungua kitabu, akatafuta mstari ulio wazi, akaandika jina la mjomba katika tarehe ya kwanza aliyoipata, kama alivyofanya kwa kila mwenye karatasi ya aina hiyo, mgonjwa na asiye mgonjwa. Wizara zetu huweza kuchapisha miongozo mizito, na ninaiheshimu, lakini mimi ningeanza na mstari mmoja wa ziada kwenye karatasi ile, juu kabisa, wenye maneno matano: tarehe ya dalili ya mwisho.